Shati Kavu

Nyumbani kwetu mtu aliyelala mchana alikuwa haguswi. Baba alikuwa mwokaji wa mikate, zamu ya usiku, na alirudi asubuhi sisi tukifunga vifungo vya sare za shule. Alioga, akanywa chai, akalala. Kuanzia hapo nyumba nzima ilinyata. Redio ilizimwa, masufuria yaliwekwa chini kama mayai, na mgeni akibisha hodi Mama alimpokea nje wakanong'ona kama wezi. Hata nilipokuwa mtu mzima na kwangu, nikija kusalimia mchana nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Rafiki yake wa kazini tulimwita Hamira. Jina alipewa na Baba, kwa sababu ukimtania kidogo tu alivimba, halafu baada ya muda akacheka mwenyewe. Walikuwa wamekanda unga kwenye meza moja tangu ujana wao. Mke wake kwetu ni Mama Mdogo, ingawa hatuna damu moja. Familia zetu mbili hazikuwahi kusafiri pamoja, maana watu wanataka mkate hata siku ya sikukuu. Basi tanuri la zamani lilipopasuka na tajiri yao akaagiza jipya, wakapewa likizo, na Mama Mdogo ndiye aliyesema twende baharini, nchi za watu, tukaone na sisi. Alichagua mji ulio kati ya jangwa na bahari kwa sababu msimu ule tiketi zilikuwa za bei ya kutupa. Hatukujiuliza kwa nini.

Ulikuwa mji wa barabara pana ambazo hakuna anayetembea. Chumba cha hoteli kilikuwa na baridi kama jokofu la muuza nyama, na ukifungua mlango wa nje joto lilikupiga kibao. Siku ya kwanza Baba alisimama pale mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Nimefika kazini," alisema.

"Mzee, yaani tumepanda ndege kuja zamu," Hamira akajibu.

Mama alikuwa anatembea na chupa za maji kwenye mkoba na kumgawia kila mtu. Baba alikuwa anapokea, analowesha midomo, anarudisha. Kazini hakuwa na desturi ya kunywa maji. Unga ukishaumuka haumsubiri aliyekwenda msalani.

"Kunywa, bwana," Mama alimwambia.

"Maji wape wageni. Mimi nimezeekea mbele ya moto."

Kesho yake tulikwenda ufukweni baada ya kifungua kinywa. Tulikuta mchanga mtupu, viti virefu vimepangwa na miavuli yake, hakuna mtu. Tulifurahi. Mama Mdogo alisema tumepata bahari ya peke yetu kama matajiri. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akanyoosha kidole juani, kisha kwetu, akatikisa kichwa. Hatukujua lugha yake. Hamira akamwonyesha kwa mikono jinsi anavyochomoa trei kutoka kwenye tanuri, akampiga Baba begani, akajipiga kifua. Mlinzi hakucheka. Alirudi kivulini mwake.

Wale wazee wawili walipiga magoti wakaanza kukanda mchanga wenye maji.

"Unga huu haujakolea chumvi," Baba akasema.

"Haujakolea? Umemwagiwa bahari nzima."

"Basi ni mkandaji. Toka nikuonyeshe."

Hamira akavimba, tukacheka. Ndivyo ninavyopenda kumkumbuka Baba, mchanga umemfika viwikoni, shati lake la mikono mirefu amelifunga hadi shingoni kama kawaida yake, kwa sababu ya makovu ya trei.

Baadaye alisema kichwa kizito. Akajilaza kwenye kiti kirefu chini ya mwavuli, akatugeuzia mgongo. Ilikuwa saa yake ya kulala, na hakuna aliyeshangaa. Sauti zetu zilishuka zenyewe. Tulikuwa mbele ya bahari inayonguruma na bado tulinong'ona.

Kivuli kilisogea. Mama Mdogo aliona jua limemfika magotini, akauliza, "Tumwamshe ahamie huku?"

"Mwache mwanaume alale," Hamira akasema. "Ukimwamsha atatuuliza mikate iko wapi."

Mama alicheka. Mimi na Mama Mdogo tukaingia majini, tukaenda mbali kidogo ili vicheko vyetu visimfikie.

Huko majini ndiko nilikomsikia Mama akimwita Baba kwa jina lake. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitaja. Aliliita tena na tena, na nilipofika mchangani nikihema, Hamira alikuwa amemwinua Baba mikononi, anamwagia chupa zote za maji zilizokuwa kwenye mkoba.

Hospitalini daktari alizungumza nami polepole, kwa lugha niliyofundishwa shuleni. Alisema mwili ulikuwa umechemka kwa ndani hadi jasho likakauka, na moyo haukuweza, ukasimama. Aliuliza kama hakuna aliyeona mapema. Hilo sikumtafsiria Mama, lakini nadhani alilisoma usoni mwangu.

Tulikaa kwenye korido nyeupe. Hamira alisimama mwisho kabisa, uso ukutani, na kaptula yake ya kuogelea, mchanga umemkaukia miguuni. Viatu alikuwa ameviacha ufukweni. Tangu tufike, Mama hakuwa amemtazama wala kumsemesha. Alikuwa amelipakata shati la Baba, ambalo manesi walilikata kwa mkasi.

Mama Mdogo aliniegemea. "Hatamsemesha tena," alininong'oneza. "Mwanangu, sisi hatuna ndugu wengine. Ni nyinyi tu. Tukirudi na hali hii, mume wangu naye atakufa."

Na mimi nilikuwa sijaweza kumtazama Hamira.

Nesi akaja kusema watu wawili wanaweza kuingia kumwona kabla hajahamishwa. Nikainuka. Mama akanishika mkono, akanirudisha kitini.

"Shemeji," akaita.

Hamira hakugeuka.

"Shemeji, njoo tuingie."

"Ingia na mtoto," alisema ukutani. "Mimi ndiye niliyesema aachwe."

"Najua ulichosema. Nilikuwepo."

Nesi alikuwa ameshika kitasa, anangoja. Mama alilikunja shati, akalikunjua.

"Ulipokwenda kunawa nilimfuata nikamgusa mgongo," alisema. "Wewe unajua anavyolala. Tangu anioe naanika shuka kila jioni kwa jasho la mtu huyu. Leo nikakuta shati kavu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe likizo imemfaa, leo amepata usingizi wa watu. Nikamwacha, nikarudi kukaa."

Hamira aligeuka. Uso wake ulikuwa umevimba kweli, si kwa mzaha.

"Mkono wangu huu," Mama akasema. "Kwa hiyo usisimame huko peke yako. Mimi siwezi kuingia humo na mtu asiyeubeba mzigo huu pamoja nami."

Alikuja. Nesi akamwonyesha miguu yake, akatikisa kichwa. Mama Mdogo akainama haraka, akavua ndara zake akampa. Zilikuwa ndogo, visigino vyake vikabaki sakafuni. Mama alimshika kiwiko, wakaingia, na mlango ukajifunga polepole kama milango ya kule inavyojifunga.

Nilibaki na Mama Mdogo, yeye miguu mitupu, amenishika mkono. Kisha Hamira alilia, kilio cha mtu mkubwa ambaye hakuzoea, na chini yake nikasikia sauti ya Mama ikimwambia jambo, taratibu, kwa muda mrefu. Sikuyashika maneno. Mama Mdogo aliniachia mkono, akajifuta macho kwa kiganja, akaniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi.