Sufuria kwenye Foleni ya Maziwa ya Soya

Kwanza niliona mifuko ya plastiki imeziba mfereji nyuma ya kibanda chetu, hapa mjini Tainan. Ilikuwa mifuko yetu, tuliyowatilia wateja maziwa ya soya. Mvua ingekuja, maji yangeingia ndani.

Shangazi Giok-hun akabandika tangazo: leteni vyombo vyenu vya maziwa. Aliyeleta ni Bibi Siok-khim peke yake, sufuria.

"Bibi, unakwenda kuoga?" wakamtania kwenye foleni.

"Nanyi nyonyeni mifuko yenu."

Kesho yake walichungulia sufuria yake, wakaitazama mifuko yao. Mwezi haukuisha, wote wakaja na birika na sufuria. Mfereji ukapitisha maji.

"Wamesoma tangazo langu," shangazi alijisifu.

Shangazi, mimi ndiye mteka maziwa. Kila mwenye chombo nilimwongezea upawa mzima.