Machi Tulishaila

Boban alisaini hundi mbili juu ya mfuniko wa friza, buchani kwa Tihomir, shati lake likiwa limechanwa vipande viwili. Wenzake wa kwenye magari ya mikate walikuwa wamemchania asubuhi ileile, kwa sababu mke wake, Nevena, kajifungua mtoto wa kike, na huko Leskovac, mji wa kusini mwa Serbia, mwanamume akipata mtoto anachanwa shati halafu ananunulia watu nyama na bia. Pesa Boban hakuwa nayo. Alikuwa na kitabu cha hundi.

"Niandike tarehe ya lini?" aliuliza.

"Wewe tu, baba mtoto," Tihomir alisema, anafunga nyama ya nguruwe kwenye karatasi. "Agosti yenyewe ndiyo hii inakata roho. Wengi wananipa Novemba."

"Basi Novemba. Na hii nyingine Februari."

"Februari safi. Fupi."

Tihomir akazitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na miezi ya watu wengine.

Mtaani kwao kila mtu alijua inavyokwenda. Ukimwandikia mtu hundi ya mwezi wa mbele, ule mwezi si wako tena. Unalala usiku wa mwisho wa Oktoba, unaamka tarehe mosi Desemba. Si kwamba ulilala muda wote huo. Kazini ulienda, vyombo uliviosha, mvua ilikunyeshea, viganja vina malengelenge mapya. Mshahara ulikuja ukapita. Ila wewe hukuwepo. Na haichagui nani kasaini: nyumba ikitoa mwezi, wote wa chini ya paa hilo wanaukosa, isipokuwa watoto wadogo, maana wao hawajala cha mtu.

Watu walishazoea, na ujanja wao walikuwa nao. Agosti hawatoi, kwa sababu ndugu wanarudi kutoka Austria na magari yao. Novemba na Februari wanazitoa kama mtu anayegawa suruali iliyombana. Jirani mmoja, Radisav, alibakiwa na Julai tu kwa ajili ya gari alilonunua, na kila Julai alitoka nje na mzaha uleule wa mwaka jana. Watu walicheka kwa heshima.

Mwenye mwaka mzima alikuwa mmoja tu, Stanija, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Alinunua kwa pesa mkononi, na asipokuwa nazo hanunui. Mgeni kwake alipewa kijiko cha jamu na glasi ya maji, basi.

"Ana Novemba zote yule," walisema, "na hana wa kukaa naye hata moja."

Nevena aliporudi kutoka hospitali na mtoto, Dunja, alikuta chupa tupu zimepangwa ukutani. Hakuuliza nani kanywa.

"Umetoa mwezi gani?"

"Novemba," Boban alisema. "Na Februari kidogo."

"Februari kidogo ndiyo nini?"

"Yote."

Mama mkwe wake, Milunka, alikuwa anamenya pilipili hoho za kuchoma, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. "Mimi Novemba sijaiona tangu mzee wangu afe," alisema. "Ina nini? Matope tu. Na mtoto wa miezi miwili ni kabichi, mwanangu. Anakula, analala. Hutakosa kitu."

Desemba mosi Nevena aliamka, nywele zake zimefungwa kwa namna asiyoipenda. Alikwenda kwenye kitanda cha mtoto. Dunja alimtazama, akacheka. Na hakikuwa kicheko cha kujaribu. Kilikuwa na mazoea, cha mtoto ambaye kacheka siku nyingi tu.

Akamuuliza Milunka lini kaanza. Milunka hakujua, naye si alikuwa hayupo. Boban hakujua. Ikabidi avuke uani kwa Stanija.

"Posta," Stanija alisema, na pini zake mdomoni. "Kwenye foleni ya kulipia umeme. Kulikuwa na mzee kavaa kofia ya manyoya, mtoto akamchekea yeye."

"Yule mzee naye alicheka?"

"Alimtekenya kidevu."

Nevena alirudi nyumbani, akazima televisheni katikati ya mpira.

"We vipi?" Boban alisema.

"Kaeni hapa mezani. Wewe na mama. Kila tunachodaiwa kiletwe hapa."

"Umekuwa polisi?"

"Nataka kujua tumebakiwa na nini."

Ikachukua jioni nzima na sehemu ya usiku. Iligundulika kwamba televisheni yenyewe ilikula Machi ya mwaka jana, na kwamba wanalipia chaneli kibao wakati wanatazama moja. Koti la Milunka lenye manyoya shingoni lilikula Oktoba ya mwaka huohuo. Sigara za Boban peke yake zilikuwa zinakula zaidi ya mtoto. Kuni, maziwa, umeme, vyote vilikuwa vinaingia kwenye mshahara wake, shida ni kwamba mshahara ulikuwa ukifika unakuta umeshaliwa.

Boban alisimama dirishani, kawapa mgongo. "Kila mtu anaishi hivi," alisema.

"Nani kila mtu?"

"Leskovac nzima. Serikali yenyewe inaishi hivi."

"Serikali hainyonyeshi," Nevena alisema.

Kuanzia hapo mshahara ulikatwa siku ileile unapoingia: umeme huku, nepi huku, chakula huku, na kidogo kwenye chupa ya akiba ya kuni. Kilichoisha kimeisha, wanangoja. Kitabu cha hundi cha Boban kilikatwa kwa mkasi. Chaneli zilikatwa. Boban alihamia kwenye tumbaku ya kusokota, akawa analalamika kama kaachwa na mchumba. Milunka alikoroga kahawa nyepesi na kuitazama kwa huzuni. Nevena alibeba mitungi ya ajvar, ile rojo ya pilipili hoho waliyopika Septemba, akasimama nayo kando ya barabara ya kwenda Niš, Dunja kifuani ndani ya koti. Alipofikisha pesa alikwenda buchani.

"Naikomboa Februari," alisema.

Tihomir aliacha kukata. "Februari? Hakuna anayekomboa Februari, mama Dunja. Una shughuli gani Februari?"

"Mtoto anaota meno."

"Meno yanaota hata usipokuwepo."

"Najua."

Tihomir alijifuta mikono kwenye aproni, akapekua kopo lake. "Ningekuwa wewe ningenunua Juni," alisema, lakini akampa. Nevena aliitia kwenye jiko la kuni, wakachemshia viazi.

Januari ikaja na siku ya Mtakatifu Yohana, ambaye ndiye mtakatifu wa nyumba yao. Siku hiyo hualiki mtu. Wanakuja wenyewe, wote, na unawalisha mpaka wachoke. Walikuwa wamekubaliana: kabichi ya kufungia nyama, maharage, achari, na rakija, ile pombe kali ya plamu, ya kwao wenyewe. Boban alikubali. Milunka alikubali kwa sauti ya mtu anayekubali kukatwa mguu.

Halafu Goran, kaka yake Boban, akapiga simu kutoka Vienna. Anakuja, na mkewe, na wakwe zake.

Nevena alirudi kutoka kanisani na mkate uliobarikiwa, akakuta mezani watoto wa nguruwe wawili wa kuchoma, kila mmoja na limau mdomoni, kreti za bia mpaka mlangoni, na keki inayotikisika.

"Hii imetoka wapi?"

"Mungu kajalia," Boban alisema, anapanga uma.

"Boban. Mwezi gani?"

"Hundi ni zangu mimi," Milunka alidakia. "Za pensheni yangu. Wewe hazikuhusu."

"Paa ni moja, mama. Mwezi gani?"

Boban aliendelea kupanga uma. "Machi," alisema. Kisha, chini chini: "Na Aprili."

Nevena aliuweka mkate mezani. Hakukuwa na nafasi, ikabidi asukume nguruwe mmoja.

"Ulitaka nimwekee Goran maharage?" Boban alisema. "Katoka Vienna kote kule, akae hapa ale maharage, aseme mdogo wangu kafulia?"

"Tungekula wote maharage."

"Watu wangesema."

"Wangesema siku mbili. Mtoto atatambaa, Boban. Sitakuwepo."

"Atatambaa tena Mei," Boban alisema, na hakuwa anatania.

Wageni wakajaa. Nyama ilikuwa nzuri, lazima isemwe ukweli, ngozi inavunjika kama biskuti. Kila mtu alimsifu Boban, na Boban alikaa wima kuliko alivyokaa tangu shati lake lichanwe. Goran, glasi ya tatu mkononi, alizungusha macho chumbani.

"Jamani leo tarehe ngapi?" aliuliza. "Mimi mwaka huu nina Januari hii na Agosti tu. Nyumba ya kule imekula yote."

"Nyumba yenyewe nzuri?" mtu aliuliza.

"Wanasema nzuri."

Watu wakagonga glasi, wakaomba mfupa wa shingo.

Kesho yake Nevena alikwenda buchani na pesa iliyokuwa kwenye chupa ya kuni. Haikutosha, na hata ingetosha, hundi hazikuwepo. Tihomir alishampa mfuga nguruwe, na mfuga nguruwe alishampa mtu wa chakula cha nguruwe, na huyo hakuna aliyejua anaishi wapi.

"Ungeniambia mapema," Tihomir alisema, na alionekana anasikitika kweli. Akampa mifupa ya supu, bure.

Februari aliipata. Ilikuwa baridi, giza saa kumi na moja jioni, na mtaani hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Waliopita walikuwa wanaitikia salamu kama mlango unavyoitikia. Dunja aliota jino Jumanne moja, likamkwaruza Nevena kidole, naye akakaa na kile kidole kimeinuliwa kama kimevunjika. Boban hakuwa na Februari tangu alipokuwa kijana, na mwanzoni hakujua aifanyie nini. Siku moja alimweka Dunja ndani ya kreti la mikate, akamvuta sakafuni huku anapiga honi kwa mdomo. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi.

"Kumbe Februari ndiyo hii," Boban alisema. "Tuache hizi hundi bwana. Kweli tena."

Nevena alimwamini karibu wiki nzima.

Kukimbia hakukusaidia. Nyumbani kwa wazazi wake walishatoa Machi na Aprili pia, kwa ajili ya jiko la umeme. Kulala kwa jirani watu walishajaribu, hata hotelini, na mwezi uliwafuata hukohuko ukawachukua. Siku ya mwisho ya Februari alimbeba Dunja akavuka uani.

"Uwe unakuja kumtazama," alimwambia Stanija. "Halafu Mei uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Kila kitu."

Stanija alitoa pini mdomoni. "Mimi watoto siwajui, mwanangu."

"Wewe uwepo tu."

Mei mosi Nevena aliamka. Dirisha lilikuwa wazi, na plamu zimeshamaliza kuchanua. Dunja alikuwa kakaa sakafuni jikoni, mgongo wima, nywele ndefu kidogo. Alimtazama Nevena vizuri tu, kama unavyomtazama mtu wa kusoma mita. Stanija alipoingia, mtoto alilala kifudifudi akatambaa haraka mpaka miguuni kwake, akanyoosha mikono abebwe.

Stanija aliona aibu. Alimbeba hivyohivyo, akaketi, akaanza kusimulia. Machi tarehe mosi, supu ya karoti, aliitema. Tarehe mbili, alimwogopa paka. Nevena alikaa mbele yao, mikono mapajani, anasikiliza bila kupepesa. Milunka alikuwa anakoroga kahawa. Nje lori lilirudi nyuma mpaka kwenye geti na kuni mbichi za mwaka kesho, maana Mei zinauzwa bei nafuu. Boban aliingia, akafungua droo, akachukua kitabu cha hundi cha mama yake, akatoka. Wote walimwona.

"Umefika tarehe ngapi?" Nevena aliuliza.

"Kumi na moja," Stanija alisema. "Siku hiyo alikuwa na homa. Alilia sana usiku, mpaka kwangu nikasikia, nikaja. Ndiyo siku aliyosema mama."

"Alisema vipi?"

"Mama. Mara mbili. Anakutazama wewe."

"Nikafanyaje?"

"Ulimpa dawa."

"Halafu?"

Stanija alimhamishia mtoto goti la pili. "Ulimpa dawa," alisema. "Kila saa yake ilipofika."