Pijo la Marehemu Mselemu

Eda ilipokwisha, Kitwana alikuja na wazee kugawa mali ya kaka yake, marehemu Mselemu. Lori akalichukua yeye. Mjane, Sijaona, akaachiwa Pijo jeupe, gari dogo la kutembelea.

"Hilo lako, shemeji," Kitwana alisema huku akicheka. "Liweke uani, kuku watagie."

Sijaona akapokea ufunguo. Alilipenda lile gari kuliko lori. Mselemu ndiye aliyemfundisha kuliendesha, kwenye uwanda mkavu kando ya ziwa, mpaka mji wa Singida ukazoea kumwona mwanamke kashika usukani. Ndani bado mlinukia karafuu alizokuwa akitafuna mumewe.

Akaendelea na biashara waliyoianza yeye na mumewe: kununua vitunguu Mungaa na kuviuza Manyoni, kwenye stesheni ya reli. Njia ile ilikuwa na lori moja tu, la Kitwana. Mwanzoni Kitwana alimpakilia magunia yake. Kisha akataka kumrithi awe mke wake wa pili, Sijaona akakataa. Mavuno yaliyofuata, Kitwana alisimama juu ya lori mbele ya kijiji kizima.

"Magunia ya huyu yashuke! Mjane asiyetaka kurithiwa ajibebee mwenyewe."

Utingo akayasukuma chini. Mvua isiyo ya msimu ikayakuta pale pale, vitunguu vikaoza, vikachuruzika maji. Sijaona alitazama bila kutoa chozi.

"Mungu anaona," Magdalena, mkulima wa kijiji cha ujamaa cha Mungaa, alimfariji.

"Anaona, dada. Lakini mimi nina haraka."

Sijaona alijaribu kupakia magunia mengine kwenye Pijo. Kabla ya kufika Ikungi springi ikakatika. Alipolifikisha Manyoni likijikokota, fundi Bonaventura alimwonyesha pikapu iliyochakaa, mlango mmoja umefungwa kwa waya.

"Tunaweza kubadilishana, mama. Ila hii haina raha yoyote. Unajua unachokiacha?"

"Najua kuliko wewe."

Hata hivyo aliingia ndani ya Pijo, akapandisha vioo, akakaa. Alikuwa karibu kughairi. Barabarani lori la Kitwana likapita limejaa hadi juu, mwenyewe akampungia mkono kama anayeaga mtoto. Sijaona akashuka, akamkabidhi Bonaventura ufunguo bila kugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo hakujua kupumzika. Lori lilingoja mpaka lijae. Pikapu iliondoka na magunia machache, ikarudi kuchukua mengine. Waliokuwa wakiachwa na Kitwana aliwatanguliza. Akitoka Manyoni alilibebea duka la kijiji chumvi na mafuta ya taa. Jioni alipita nyumba kwa nyumba, anakaribishwa, anaeleza kwa sauti ya chini jinsi alivyotendewa, anaaga. Magdalena naye akasimama mkutanoni akasema shamba la ujamaa limpe Sijaona mzigo wake wote. Wakakubali.

Mavuno yalipofika tena, Kitwana alikuta magunia yamepangwa barabarani na Sijaona ameketi juu yake.

"Shemeji, haya ni mengi. Tugawane."

"Mwenye mzigo si mimi. Waulize wenyewe."

Kitwana akapaza sauti, akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Wakakung'uta majembe yao. Magdalena alinyanyua gunia, akalipeleka kwenye pikapu, na wote wakamfuata. Lori liliondoka tupu, mabati yakigongana, Sijaona akilisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia. Hakuwahi kuonja kitu kitamu namna ile.

Baada ya miezi kadhaa lori likauzwa kwa mtu wa Kiomboi. Wazee wakamleta Kitwana nyumbani kwa Sijaona, kofia mkononi, amekonda.

"Nilikukosea, shemeji. Naomba yaishe."

Sijaona aliwaamkia wazee shikamoo, akawamiminia wote chai, akamwongezea Kitwana sukari, akawauliza habari za watoto. Walipoinuka, mmoja wao, mzee Idrissa, akabaki nyuma mlangoni.

"Mwanangu, umemsamehe?"

"Nimemkaribisha chai, baba," Sijaona alijibu. Akakusanya vikombe, akatoka kwenda kuipakia pikapu.