Miwani ya Zein

Zein alikuja kujiposea mwenyewe, bila mzee wala mshenga, na Bi Mwanamwema akamdharau tangu mlangoni. Mombasa, kijana wa namna hiyo angerudishwa na viatu vyake mkononi. Lakini hapa ni Kilburn, ughaibuni kwa Waingereza, ghorofa ya tatu, na bintiye wa pekee, Batuli, alikuwa amekwisha kumpenda nusu. Jibu lilikuwa litolewe mchana huo, baada ya chakula. Ami Akil, ndugu wa marehemu babake Batuli na mwenye kauli ya kumwozesha, alikuwa amekuja kutoka Tooting kwa ajili hiyo tu, na amekaa na koti lake jeusi asilolivua Januari nzima.

Kilichomkera zaidi Bi Mwanamwema ni kwamba mgeni aliingia bila miwani, na miwani ndiyo sifa yake yote. Harusi gani hajajinadi? Eti ana kampuni, na kampuni yake imevumbua dawa ya kupaka vioo: vya miwani, vya kamera, vya helmeti za pikipiki. Maji hayashiki, ukungu hauingii. Sasa mwenye dawa anatoka kwenye baridi, miwani kaificha mfukoni mwa koti, anapapasa ukuta na kukanyaga ndara za watu! Bi Mwanamwema alibenua mdomo, akalitundika lile koti kwenye korido isiyo na hita.

Walipoketi, Batuli aliuliza swali. Yeye ni mpimaji macho katika duka la miwani, na kama watoto wengi waliozaliwa huku, aliuliza kwa Kiingereza. Alitaka kujua dawa ni ya mvua au ya mvuke, maana hizo ni kazi mbili. Ya mvua huyafukuza maji yakawa matone, yakateleza. Ya mvuke huyatandaza yakawa utando mwembamba, mtu akaendelea kuona. Kuzipatanisha kwenye kioo kimoja ni kazi ngumu hasa. Yeye ameiwezaje?

"Ni nano technology, habibti," alisema Zein. "Nikikueleza hutaelewa. Lakini mama, wallahi hii kitu ni yote mawili. Hundred percent."

Habibti, mbele ya mamake! Na hutaelewa! Binti kasomea macho ya watu miaka kadhaa, anaambiwa hataelewa na mtu aliyeshindwa kuona ndara sakafuni. Damu ilimpanda Bi Mwanamwema, ila sauti aliitia sukari.

"Basi kaivae, mwanangu. Sisi wajinga huelewa kwa macho."

Zein hakuwa na pa kutokea. Aliifuata miwani kwenye korido, akarudi ameivaa, ingali baridi kama barafu. Bi Mwanamwema alikuwa amekwisha kuiweka sufuria ya pilau mbele ya kiti cha mgeni. Alingoja akae vizuri, kisha akafunua.

Mvuke ulimpanda usoni, na vioo vikawa vyeupe kama vimepakwa tui.

Angeivua pale pale, akaifuta, akacheka, hata Bi Mwanamwema angelainika, maana kijana anayekubali kosa anafugika. Batuli mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono na karatasi ya kufutia, anatabasamu.

"Unaona?" alimuuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Naona wazi kabisa," alisema Zein, akiitazama sufuria.

Batuli aliirudisha ile karatasi mezani. Aliinuka taratibu na baibui lake jeusi, akamwonyesha Ami Akil kwa kidole kiti alichokiacha, kisha akaenda kusimama kando ya mamake. Ami Akil, mtu wa maneno machache, alihamia pale bila kuuliza.

Zein alisikia kiti kikilia, akageuka upande huo na kulegeza sauti.

"Batuli, nakuona waziwazi. Wallahi leo umependeza kuliko siku zote. Niambie basi, umenikubali?"

Ami Akil alijikuna ndevu.

"Mimi sijakukubali," alisema kwa sauti yake nzito. "Batuli, wewe je?"

"Hapana, ami," alijibu Batuli kutoka upande wa pili wa meza.

Ndipo Zein alipovua miwani. Bi Mwanamwema alimpakulia pilau sahani tele, nyama juu, akaifunga kwa foili vizuri ili akalie kwake.