Usimweke Chini

Sista Mbio, kama wagonjwa walivyomwita muuguzi huyo asiyejua kutembea polepole, alikuwa ameshavua sare na kutundika mkoba begani pale mlango wa wodi ya wazazi uliposukumwa kwa goti. Mwanamke asiyemfahamu aliingia akiyumba, damu ikimchuruzika miguuni, amekumbatia furushi la mablanketi.

"Nimejifungulia njiani," alisema. "Hajatimiza miezi."

Sista Mbio alifunua blanketi baada ya blanketi. Ndani mlikuwa na kitoto chepesi kama pamba, kimepoa. Mablanketi hutunza joto lililopo, na hiki hakikuwa na la kutunzwa. Akafungua vifungo vya blauzi yake mpya, akakilaza kifuani, ngozi kwa ngozi, huku akimwita daktari kwa sauti.

Kondo la nyuma lilikuwa limegoma kutoka. Kitanda kikisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, mama alimng'ang'ania mkono.

"Wa kwanza walimweka mezani wakinihangaikia mimi. Kuja kumkumbuka, hayupo tena. Dada'angu, huyu usimweke chini."

"Simweki."

Nje honi ikalia. Mdogo wake Sista Mbio, kitinda mimba aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa anasafiri leo kwenda masomoni ng'ambo, miaka minne. Gari lilimpitia wafuatane hadi uwanja wa ndege. Simu ikatetemeka.

"Dada, toka basi! Ndege haina shemeji hapa, haitusubiri!"

"Nina mtoto kifuani."

"Mpe mwenzako!"

"Yuko kwenye upasuaji. Na mashine ya joto ni mbovu. Njoo uniagie humu."

"Dereva anasema tumeshachelewa. Kwani mimi sikuwa mtoto wako?"

Sista Mbio aliinuka, akafika mlangoni, akarudi. Akaenda tena. Upepo wa mvua ulimpiga usoni, na kitoto kikajikunyata, pumzi ikakatika kidogo kabla ya kurudi. Alifunga mlango kwa kisigino. Honi ililia kwa muda mrefu, kisha gari likaondoka. Alizunguka wodi nzima, kitanda hadi kitanda, machozi yakimdondokea kichwani mwa mtoto, naye akiyafuta upesi yasije yakampoza.

Mama aliporudishwa, alifumbua macho kwa shida.

"Ulimweka chini?"

"Hata kidogo."

Akainama, akamhamisha kutoka kifua hadi kifua, bila kumgusisha godoro.