Rauta ya Pembe Tatu

Tangu watoke nyumbani Mumbuni, Ndambuki alikuwa ameambiwa afunge mdomo.

"Ukifika kwa duka, hakuna kusema unataka nini," babake alimwambia. "Muuzaji akijua shida yako, amekumaliza. Mimi nimenunua mbuzi kabla uzaliwe, na hakuna mtu amewahi kujua ni gani nilikuwa naangalia."

Sasa mbuzi na rauta ziko na undugu gani, jameni?

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Ile modem yao ilikuwa inashika netiweki mahali pamoja tu, dirisha ya jikoni. Tangu amalize shule, fomu foo, Ndambuki alikuwa anaingia intaneti kando ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, mafuta inarukia kompyuta, mamake anamwambia songa, songa. Na Jumatatu asubuhi alikuwa na mtihani wa kazi: kusikiliza sauti za watu na kuzichapa, saa nzima, kimya. Akipita, atafanyia kazi hapo nyumbani. Akianguka, babake, Mzee Mutinda, alikuwa ashaongea na msimamizi wake huko kiwanda ya nguo ya EPZ, Athi River. Kijana ataanza kukata nyuzi za suruali.

Yeye alitaka kitu moja tu: rauta ndogo yenye shimo ya kuchomeka modem, ikae dirishani, irushe netiweki mpaka sebuleni. Basi.

"Karibu mzee," Guled mwenye duka akasema. "Mnatafuta rauta? Intaneti yenu inaingia na laini ya simu ya waya ama modem?"

"Inaingia tu," Mutinda akajibu, macho kwa redio.

"Nyumba ni ya mawe ama mabati? Vyumba ngapi?"

"Kwani unataka kuhamia?"

Wateja wakacheka. Ndambuki akafungua mdomo, babake akamkanyaga mguu.

Mzee akauliza bei ya redio. Akauliza bei ya pasi. Akashika birika ya stima, akaifungua, akainusa. Ndambuki alikuwa karibu kulia. Mwishowe, kama mtu amejikwaa tu, mzee akauliza, "Na hii takataka ya pembe tatu?"

Akaiinua, antena zake tatu zimesimama kama pembe. Akaipima uzito na mkono.

"Hiyo ni ya ofisi, mzee. Inataka laini ya simu. Sasa kama sijui mnatumia nini..."

"Umeona?" Mutinda akanong'oneza kwa Kikamba. "Hataki kuiuza. Hiyo ndiyo nzuri."

"Lakini baba..."

Mguu ukakanyagwa tena. Wakabishana bei mpaka jua ikahama mlango. Mutinda alitoka nje kwa hasira mara mbili na akajirudisha mwenyewe. Akaibeba.

Nyumbani Ndambuki akaigeuza. Shimo ya simu iko. Shimo za waya ziko. Ya modem, hakuna. Na hiyo nyumba haijawahi kuona simu ya waya tangu ijengwe.

"Zungusha tena," babake akasema.

"Baba, hii si shati. Haina upande ingine."

Jumapili wakatoka kanisa moja kwa moja mpaka kwa Guled, rauta kwa mfuko.

"Mzee, si nilikuuliza?"

"Sisi tulikuwa tunapita tu," Mutinda akaanza, akinyoosha mkono kwa ile birika.

Hapo Ndambuki akachoka. Mguu wake akauweka mbali kwanza. "Tuko na modem! Laini ya simu hatuna! Nyumba ni ya mawe, vyumba vitatu, netiweki iko dirisha ya jikoni peke yake, mtihani wangu ni kesho asubuhi, na pesa yote tuko nayo tulikuachia jana!"

Mutinda akafunga macho kama mtu ameona mbuzi wake akiingia boma ya jirani.

Guled akachukua ile ya pembe, akapotea nyuma ya makatoni, akarudi na kitu nyeupe, ndogo kama sabuni. Haikuwa na pembe hata moja. "Ni hii. Na chenji yako, mzee."

Mutinda akaiangalia hiyo chenji kama mtego. Njia yote alikuwa analalamika. "Ametuuzia kitu mbaya. Nani hurudisha pesa?"

Jumatatu zamu yake ilikuwa ya jioni, kwa hivyo akavuta kiti akakaa nyuma ya kijana. Ndambuki akafungua mtihani, hapo sebuleni. Ikafunguka. Jikoni, kando ya sufuria, ka-taa ka kijani ka hiyo rauta kalikuwa kanawaka.

"Inasema nini?"

"Kabla sauti zianze, wanauliza kwa nini nataka hii kazi."

Mzee akarukia mkono wake. "Usiwaambie! Andika ulikuwa unapita tu."

Ndambuki akavuta pumzi. Akautoa mkono wa babake kwa kompyuta, polepole, akauweka kwa goti la mwenyewe. Halafu akawaandikia kila kitu, hata muthokoi.