Migomba Saba ya Uani

Kosa lilikuwa la Gozbert, tena la mdomo wake mwenyewe. Miezi minane hakuwa amekanyaga kwao Muleba, na kutoka Bukoba ni mwendo wa asubuhi tu. Alijifungia na kompyuta chumbani kwake Kibeta, pale pale Bukoba, akichambua vipimo vya setilaiti kwa ajili ya shahada yake: ozoni kiasi gani, oksijeni kiasi gani, huko juu kilomita themanini ambako hata mawingu ya mvua hayafiki. Siku ilipita bila kusema na mtu. Upweke ulimkaba, ila aliuita kazi.

Mama yake, Ma Kokubanza, mjane aliyebaki peke yake kwenye kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba, alipiga simu kuuliza atakuja lini. Gozbert akatafuta pa kutokea.

"Mama, setilaiti yangu inapita hapo kila jioni. Nakuona kabisa, umekaa uani."

"Kweli unaniona?"

"Nakuona, waitu, mama yangu."

Tangu siku hiyo mama hakumsumbua tena kwa simu. Naye, msomi mzima, akashusha pumzi na kurudi kwenye ozoni yake.

Alikwenda Desemba. Alipofika uani alisimama, asiamini macho yake. Migomba saba iliyokuwa hapo nyuma ya nyumba, aliyoipanda marehemu baba, ilikuwa imekatwa yote, mingine ikiwa na mikungu michanga. Katikati ya uwazi kulikuwa na kigoda, na kando yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa nayo mgeni.

"Mama, nani kakata?"

"Mimi. Majani yalikuwa yanakuzibia." Uso wake ulijaa furaha. "Kila jioni navaa kitenge kizuri, nakaa hapo, nakusimulia ya siku nzima. Wiki iliyopita nilikuonyesha mguu huu. Uliuona?"

Mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo. Gozbert aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kudanganya tena, neno moja tu lingetosha, lakini safari hii alisema kweli.

"Mama, ile setilaiti inapima hewa ya juu tu. Haioni watu. Nilikudanganya."

Ma Kokubanza alitazama juu, kisha akatazama visiki vya migomba. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza mwanawe zaidi.

"Kumbe," alisema polepole, "siku zote hizo nilikuwa nakaa hapa peke yangu."